Mchoro, Dalali na Mnunuzi wa Mbali
Mazungumzo na wachoraji na wanunuzi wa michoro, Kilwa Kivinje

 

Mji huu haukufundishwa na mtu maana ya udalali. Karne ya kumi na tisa misafara kutoka bara iliishia hapa, na kati ya mwenye mali na mwenye jahazi daima alisimama mtu wa tatu. Hata leo mvuvi akishusha samaki pwani, dalali hupaza sauti, bei ikapanda mbele ya macho ya wote. Mvuvi husikia bei ya mwisho kwa masikio yake, kisha hujua ujira wa dalali ni kiasi gani. Tunaomba mfano huo mkae nao, kwa kuwa tunayoyazungumza leo ni mnada ambao mwenye mali hausikii.

Vijana wetu kadhaa wanachora katuni. Nchi hii ina historia katika sanaa hiyo: Chakubanga wa Christian Gregory alichekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru, na Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kama Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 akapata jina Afrika Mashariki nzima. Kwa muda mrefu karatasi yenyewe iliyochorwa haikuthaminiwa. Gazeti likishachapwa, mchoro ulitupwa au ulibaki ofisini. Siku hizi karatasi hiyo ni mali. Januari 2021, mjini Paris, mchoro wa rangi ambao Hergé aliuchora kwa ajili ya jalada la kitabu cha Tintin uliuzwa mnadani kwa zaidi ya euro milioni 3. Bei hiyo si kipimo cha soko letu. Tunaitaja ili ieleweke kwa nini watu wanawatafuta wachoraji, wakiahidi kuwauzia kazi zao kwa njia ya intaneti.

Swali la kwanza la kumwuliza mtu huyo ni hili: wewe ni wakala wangu, au ni mnunuzi? Anayenunua hulipa, huchukua mchoro, na faida atakayoipata baadaye ni yake. Wakala huuza kwa niaba yako. Mchoro hubaki wako mpaka utakapouzwa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, humtaka wakala atoe hesabu sahihi kwa aliyemtuma pale anapoidai. Hatari ipo kwa anayejiita wakala leo, na kesho akakuambia, "Nilikwisha kununua," kwa bei ambayo wewe hukuipanga.

Swali la pili ni la hesabu. Tuseme mchoro umeuzwa shilingi 400,000, ujira wa wakala ni asilimia 30, na kufunga na kuposti kumegharimu shilingi 60,000. Gharama zikitolewa kwanza, ujira ni shilingi 102,000 na mchoraji anapata 238,000. Ujira ukikatwa kwanza, kisha gharama zote zikabebwa na mchoraji, anabaki na 220,000. Asilimia ni ile ile, lakini shilingi 18,000 zimehama mfuko. Kwa hiyo msikubaliane asilimia peke yake. Andikeni inakatwa kutoka kiasi kipi.

Swali la tatu ni la haki ya kunakili. Kuuza karatasi si kuuza hakimiliki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya kuchapa mchoro kwenye fulana, kitabu au kalenda ni ya mchoraji, na haihami kwa sababu tu karatasi imebadili mikono. Wakala akileta mkataba unaosema "haki zote", simameni hapo, msome upya.

Kabla ya mchoro kuondoka nyumbani, upigeni picha mbele na nyuma. Kisha andikeni hati ya kukabidhi nakala mbili: jina la kila mchoro, vipimo vyake, bei ya chini, ujira, nani atabeba hasara ukipotea au ukilowa njiani, malipo yatafanywa baada ya siku ngapi, na michoro isiyouzwa itarudishwa lini. Wote wawili watie saini.

Sasa tuwageukie wanunuzi. Mchoro halisi wa katuni una alama za mkono: mistari ya penseli chini ya wino, rangi nyeupe iliyofunika kosa, pengine kipande cha karatasi kilichobandikwa penye maneno. Nakala iliyochapwa, ikitazamwa kwa kioo cha kukuzia, mara nyingi huonyesha vitone vidogo. Ombeni picha ya karibu, na picha ya mgongo wa karatasi. Kazi iliyochorwa kwenye kompyuta haina karatasi ya asili. Inayouzwa ni chapa, na muuzaji aseme ziko ngapi. Ikiwezekana, mwulizeni mchoraji mwenyewe kama wakala huyo anamtambua. Msitume fedha kwa namba yenye jina msilolijua, na tunzeni stakabadhi na ujumbe wote wa mazungumzo.

Ndugu zetu, hatukuja kuwatisha na madalali. Kijana wa Kivinje hawezi peke yake kumfikia kila mpenzi wa katuni aliyeko Nairobi, Muscat au London, na wakala mwaminifu anastahili ujira wake. Tunachotaka ni kwamba mwenye mali aisikie bei, kama mvuvi anavyoisikia pale pwani. Wakala anayeogopa kuionyesha stakabadhi ya mnunuzi amekwisha kujieleza. Chukueni michoro yenu.

Mali bila daftari hupotea bila habari.