Ushuru wa Motakaa Ndogo



Mwaka 1999 Uingereza ilipunguza ushuru wa mwaka kwa motakaa zenye injini isiyozidi sentimita 1,100 za ujazo: pauni 100 badala ya 155. Mwaka 2001 kipimo kikapandishwa hadi 1,549. Lakini motakaa zilizoandikishwa tangu 1 Machi mwaka huo zikatozwa kwa kadiri ya moshi wake.

Tanzania nayo ilitoza kwa ukubwa wa injini, hata mwaka 2017 ikaifuta ada hiyo, ikaongeza shilingi 40 kwa lita ya mafuta, ya taa yakiwamo. Basi karani mwenye motakaa ndogo alipata nafuu. Bali jirani yake, asiye na motakaa, alilipia barabara kwa taa yake. Ndugu zangu, tuombapo nafuu yetu, tumkumbuke na huyo.