Herufi Nzito na Kazi Yake

Mwaka 1845 kiwanda cha herufi cha Fann Street, London, kilitoa herufi iitwayo Clarendon. Ni nene, na miguu yake mipana kama iliyovaa makubazi. Aliyeichonga ni Benjamin Fox. Robert Besley, mmoja wa wenye kiwanda, aliisajili kwa miaka mitatu. Muda ulipokwisha washindani wakaiiga bila haya.

Waliona faida. Awali, mchapaji aliyetaka neno moja lionekane ndani ya aya aliazima herufi ya mabango, ikakaa pale kama ng'ombe bandani mwa kuku. Clarendon ilipangwa mstari mmoja na herufi nyembamba bila kuzisukuma. Kamusi zikaipenda: kidole kinateremka, jicho linanasa neno, basi.

Sasa tazameni matangazo ya mikopo. “Pesa leo leo” ni nzito. Riba, nyembamba kama unywele. Herufi haina kosa hapo. Aliyeipanga alijua asichotaka tusome. Mimi nikiletewa karatasi ya kutia sahihi, naanza na yale maandishi membamba, tena mchana, penye mwanga.