Kicheko Kinahitaji Kundi

Msikilizaji, kuna kipindi cha luninga kilichowahi kuwatoa watu barazani. Saa yake ikifika, asiye na luninga alipiga hodi kwa jirani, watoto wakajipanga mkekani, wakubwa vitini. Kilianza kwa jina la Ze Comedy pale EATV. Mwaka 2008 kundi likahamia TBC1, likajulikana kama Orijino Komedi. Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Wakuvanga, McRegan na Vengu: huku pwani, kuanzia Bunju hadi Bagamoyo mjini, walitajwa kama ndugu wa nyumbani.

Utamu wao ulitokana na kuwa kundi. Joti akiwa bibi kizee, alihitaji mmoja wa kumkatiza na mwingine wa kukasirika. Waliwaigiza wanasiasa, wanamuziki, hata watangazaji. Asili ya uchekeshaji wao ni kichekesho chetu kile kilichochezwa kati ya ngoma na sarakasi na vikundi kama Muungano na TOT, na ambacho Redio Tanzania ilitupatia kwa sauti za Pwagu na Pwaguzi. Jukwaani mchezaji hakushika maandishi. Aliwategemea wenzake, na hadhira iliyo mbele yake.

Kisha kundi likatawanyika. Masanja akageukia Injili, Joti akajikita katika matangazo ya biashara na video za mtandaoni. Siwalaumu, msanii naye ana familia. Luninga yenyewe nayo ilibadilika: tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, antena peke yake haikutosha tena, na asiye na king'amuzi akakosa picha. Simu ikaja na vichekesho vya dakika moja.

Dakika moja inatosha kuchekesha. Haitoshi kumlea mhusika mpaka tumjue tabia na kumsubiri wiki ijayo. Tena simu hutazamwa na mtu mmoja. Babu na mjukuu hawacheki tena pamoja, na hilo ndilo linaloniuma.

Bagamoyo tuna pa kuanzia. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981. Leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), yenye ukumbi kando ya bahari na vijana wanaojifunza uigizaji. TBC, njooni mrekodi kichekesho hapa, mbele ya watu wa kata zetu za Dunda na Magomeni, mkirushe kila wiki saa ile ile. Na wasanii walipwe vizuri kama kundi, wasilazimike kuachana.