Mtu wa Makaburini Aulizwa Jina

Neno la Asubuhi. Somo: Marko 5:1–20

 

Mtu yule wa nchi ya Wagerasi alikaa makaburini. Watu wa mji walijua dawa moja tu, nayo ni kumfunga. Pingu zikikatika, walileta nyingine. Marko hatuambii kama yuko aliyempelekea hata chakula. Ndipo Bwana akaja na kumwuliza jina.

Kwetu, jina ndilo hupotea kwanza. Mtu akiugua malaria huitwa kwa jina lake la ubatizo. Akiugua akili huitwa kichaa, au huambiwa apelekwe Mathare. Ng'ambo huambiwa ni wa Butabika. Mathari imewatunza wagonjwa tangu 1910, na Butabika tangu 1955, lakini tumezigeuza kuwa matusi, hata mgonjwa analiogopa tusi kuliko ugonjwa wenyewe.

Asubuhi hii twamkumbuka daktari mmoja aliyeingia mahali hapo penye matusi kwa hiari yake. Ni Dakta Margaret Mungherera, aliyezaliwa Jinja mwaka 1957, kwenye barabara ile ile wanayopita madereva wetu wa Malaba waendapo Kampala. Alisoma Gayaza, shule iliyoanzishwa na wamisionari wa Kanisa letu, kisha udaktari huko Makerere. Angeweza kuchagua kazi ya kusifiwa zaidi, maana daktari wa upasuaji huletewa kuku na familia yenye shukrani. Yeye alichagua magonjwa ya akili, wakati ambapo madaktari wa kazi hiyo Uganda walikuwa wachache mno. Aliwashughulikia pia wanawake walionajisiwa, ambao jeraha lao halionekani kwa macho. Akaongoza Chama cha Madaktari wa Uganda, na Oktoba 2013 akawekwa kuwa rais wa Chama cha Madaktari cha Dunia, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kukaa katika kiti hicho. Saratani ilimchukua Februari 2017. Tunapenda kufikiri juu ya jambo hili: aliyewasemea madaktari wa dunia nzima alikuwa daktari wa wale wanaoitwa vichaa.

Sasa, tunalijua boma moja, wala hatutasema liko wapi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne alifungwa humo kwa mnyororo wa ng'ombe kwenye nguzo ya jiko, miezi mingi. Mama yake hakuwa mkatili. Alimfunga asije akaingia barabarani penye malori, wala watoto wasimpige mawe. Kila Jumapili mama huyo alikuja ibadani. Ulipofika wakati wa kuwataja wagonjwa, alitaja goti lake. Alituomba tuliombee goti, naye mwanawe yuko kwenye nguzo!

Akina mama wawili wa kanisa ndio waliogundua, kwa kuwa walikwenda kumtembelea bila kupiga hodi ya mbali. Hawakuhubiri. Walimsaidia kumwogesha kijana, wakachanga nauli, wakafuatana naye hospitalini. Leo anachomwa sindano kila mwezi. Hajapona kabisa, yako majuma mabaya. Lakini analima viazi vitamu, na mnyororo umerudi kwa ng'ombe.

Msikilizaji atasema, "Mchungaji, yule wa Marko alikuwa na pepo. Mbona unatuletea habari za sindano?" Swali ni la haki. Hatukatai Maandiko. Lakini fungua Mathayo 4:24 uone: wenye pepo wametajwa, na wenye kifafa wametajwa, na waliopooza vilevile, kila kundi kwa jina lake. Mwinjili hakuwachanganya, kwa nini sisi tuwachanganye? Elia alipoomba afe, chini ya mti jangwani, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Naye Paulo, mtu wa maombi, alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. (Walevi wasiikimbilie aya hiyo, inasema kidogo.) Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ili aonyeshe imani, anamtwisha mzigo ambao mitume hawakumtwisha mtu.

Wazee wa Busia wanaikumbuka Alupe, palipotunzwa wenye ukoma. Zamani hata njia ya kwenda huko iliogopwa. Dawa ilipopatikana, na watu wakakubali kuishika mikono ile, hofu ilipungua. Kwa ugonjwa wa akili dawa ziko, ila mikono bado ni michache.

Serikali nayo imesogea. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inaziagiza kaunti kutoa huduma hii karibu na watu. Na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Basi aliyeokolewa kwenye kamba asiogope tena kwamba kutoka kitandani ataingia rumande. Ampeleke nani hospitali, kama si jirani anayesali naye?

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwuliza jina mtu wa makaburini, twakushukuru kwa mtumishi wako Margaret. Uwatie nguvu wauguzi wa Mathari na Butabika walio kazini asubuhi hii. Umkumbuke mama anayetuomba tuliombee goti. Utupe miguu ya kufika kwake kabla ya Jumapili. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.