Jiko Jipya la Umeme Lizimapo Nyumba

Leo napenda kuwaelezeni jambo liwasumbualo watu wengi waliotia jiko la umeme nyumbani. Jiko ni jipya, nalo limegharimu fedha nyingi. Lakini likiwashwa tu, swichi ya ukutani huanguka, na nyumba yote huwa giza. Wako watu ambao kwa hasira huondoa fyuzi, wakatia kipande cha waya mnene mahali pake. Kufanya hivyo ni kumziba mlinzi mdomo, na mwizi yu mlangoni.

Basi yafaa tujue mlinzi huyu asema nini. Sababu zake kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni mzigo kupita kiasi. Plagi ya pini tatu za bapa, itumiwayo sana Kenya, Uganda na Tanzania, haikufanywa kuchukua zaidi ya ampea 13. Jiko la wati 2000 katika umeme wa volti 240 huchukua ampea 8 na zaidi kidogo. Birika la wati 2000 huchukua kadiri iyo hiyo. Mkivichomeka vyote viwili katika waya mmoja wa kuongezea, jumla yapata ampea 17 hivi, na waya hupata moto. Dawa yake ni kukipa kila chombo soketi yake ya ukutani. Jiko kubwa lenye tanuri sharti lipewe waya wake peke yake, utokao katika sanduku la swichi.

Sababu ya pili ni umeme kuvuja. Ndani ya chuma kipashacho joto mna unga mweupe uzuiao umeme usifike nje. Jiko likikaa ghalani siku nyingi, unga ule waweza kunyonya unyevu, na umeme ukavuja. Swichi ya kuzuia uvujaji, ile yenye kitufe kidogo cha kujaribia, huanguka mara moja. Fundi hupima uvujaji huo kwa chombo chake, kisha huukausha unyevu au hubadili chuma.

Mtajuaje kosa liko wapi? Zimeni jiko, mlichomoe, kisha rudisheni swichi mara moja tu. Ikianguka tena hali jiko limechomolewa, kosa si la jiko. Huenda limo katika nyaya za nyumba au katika chombo kingine. Ikikaa, chomekeni taa ndogo katika soketi ile ile. Taa ikiwaka vyema, shukuni jiko au mzigo wake. Plagi ikiwa imeungua au yanuka, msiitumie kabisa.

Liko jambo moja la hatari kupita yote. Ukigusa bati la jiko na mkono ukasisimka, wala swichi isianguke, basi huenda waya wa ardhi, ule wenye rangi ya kijani na manjano, haukuungwa au umekatika. Usiliguse tena. Zima swichi kubwa ya nyumba, uwaondoe watoto, umwite fundi siku ile ile. Mtu mwenye miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji aweza kufa kwa kugusa mara moja.

Dalili ya mvua ni mawingu. Swichi iangukayo haikuharibu chakula chenu, imewaonyeni mapema.