Jasho la Mtungi: Mwili, Joto na Mazoezi katika Hewa ya Pwani



Mwalimu wangu wa kwanza wa fiziolojia alikuwa mtungi. Ulikaa nyumbani kwa bibi, Pangani, kwenye kona ya ukumbi, kitako chake kimezama kidogo mchangani, na kata ya kifuu juu ya kifuniko. Ubavu wake ulikuwa umelowa siku zote. Nilipouliza mbona unavuja, bibi alinijibu kwamba hauvuji, unatoka jasho, na mtungi usiotoka jasho haupozi maji. Miaka michache baadaye nilihamia kwa shangazi, Dodoma, nikakuta mtungi kama ule ule. Huu ukiupapasa ulikuwa karibu mkavu, lakini maji yake yalikuwa baridi kuliko ya Pangani. Nikadhani siri iko kwenye udongo wa Ugogo. Kumbe iko hewani.

Mhadhara wangu wa leo ni maelezo marefu ya mitungi ile miwili. Hoja yake naitanguliza: jasho lenyewe halipozi mwili. Kinachopoza ni kukauka kwake.

Jiko tulilolibeba

Misuli yetu ina hasara kubwa. Katika kila sehemu tano za nishati inayotumia, moja tu, au zaidi kidogo, ndiyo inayotusogeza. Zilizobaki zinageuka joto. Mchukueni kijana wa kilo 60 anayekimbia kilomita 10 kwa saa moja, mwendo wa kawaida wa vikundi vyetu vya jogging. Anatumia takriban kilokalori 600, na karibu 470 kati ya hizo ni joto. Mwili wa uzito huo ukipata kilokalori 50 tu unapanda nyuzi moja. Pigeni hesabu: joto hilo lingekosa pa kutokea, kijana angepanda nyuzi moja kila dakika sita au saba. Kutoka nyuzi 37 angefika 40 katika dakika ishirini hivi, na huko ndiko ubongo unakoanza kuyumba.

Hafiki huko kwa sababu damu inachota joto kwenye misuli na kulipeleka kwenye ngozi. Hewa ikiwa ya baridi kuliko ngozi, sehemu ya joto hilo inaondoka yenyewe. Lakini ngozi ya mkimbiaji ina nyuzi 33 hadi 35. Hewa ikifika hapo, mlango huo unafungwa, na ikizidi, joto linaanza kuingia badala ya kutoka. Unabaki mlango mmoja: tezi za jasho, milioni mbili hadi nne kwa kila mmoja wetu. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi inaondoka na kilokalori 580 hivi. Kwa hiyo kijana wetu angetosheka na jasho lisilofika lita moja kwa saa, ilimradi likauke. Tone linalodondoka chini limepoteza maji na chumvi bila kufanya kazi iliyolitoa.

Na kazi hiyo inalipiwa na moyo. Damu ni ile ile, nayo inaitwa na misuli na ngozi kwa pamoja, huku jasho likiipunguza. Moyo unalazimika kwenda mbio zaidi kwa mwendo ule ule wa miguu. Mkimbiaji anayehisi miguu mizito siku ya joto si mvivu: moyo wake unahudumia mabwana wawili.

Chumba cha London, barabara ya Doha

Mwaka 1774, jijini London, daktari Charles Blagden na wenzake, akiwemo Joseph Banks, waliingia katika chumba kilichopashwa moto kwa makusudi. Hewa ilikuwa kavu, na kipimajoto kilifika nyuzi 127. Blagden alikaa humo dakika nane akatoka mzima. Mayai na nyama ya ng'ombe waliyoiweka ndani ya chumba hicho hicho viliiva. Nyama ile haikuwa na uwezo wa kutoa jasho. Blagden alikuwa nao, na jasho lake lilikauka.

Sasa twendeni Doha, 27 Septemba 2019, mashindano ya dunia ya riadha. Marathoni ya wanawake ilianza dakika moja kabla ya saa sita usiku ili kulikwepa jua. Joto lilikuwa kama nyuzi 32, na unyevu wa hewa ulizidi asilimia 70. Wanawake 68 walianza, 28 hawakumaliza. Mkenya Ruth Chepngetich alishinda kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 43, muda mrefu kuliko wa bingwa yeyote wa marathoni ya wanawake katika historia ya mashindano hayo. Januari ya mwaka ule ule, kule Dubai, alikuwa amekimbia kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 8.

Mtu mmoja ametoka mzima kwenye nyuzi 127, wanariadha bora duniani wameshindwa kwenye 32, gizani. Blagden alikuwa mtungi wa Dodoma. Wale wa Doha walikuwa mtungi wa Pangani: wamelowa chapachapa, maji ndani bado ya moto, kwa sababu hewa iliyokaribia kushiba mvuke inapokea mwingine kwa shida.

Ndiyo maana kuuliza "leo nyuzi ngapi?" hakutoshi. Katika miaka ya 1950, baada ya askari wanamaji wa Marekani kuzidiwa na joto kwenye kambi za mafunzo, watafiti walitunga kipimo kinachojumlisha vipimajoto vitatu. Kimoja kimevishwa kitambaa kilicholowa, cha pili kimo ndani ya tufe jeusi linalopokea jua, cha tatu ni cha kawaida. Katika alama kumi, saba ni za kile kilicholowa, mbili za tufe, moja ya kile cha kawaida. Yaani kura saba kati ya kumi amepewa mtungi. Qatar imekiweka kipimo hicho katika sheria tangu 2021: kikizidi 32.1, kazi za nje zinasimama. Vijana wetu wengi wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi huko wanahusika moja kwa moja.

Mazoezi ya msimu wa kaskazi

Kwetu, Desemba hadi Machi, hewa ni ya mtungi wa Pangani. Jambo la kwanza ni mavazi. Nawaomba ndugu zangu wa jogging waniwie radhi kwa hili: anayejifunga nailoni tumboni ili "akate kitambi" amejizibia mlango pekee uliobaki wazi. Kilo anayoipoteza ni maji, nayo itarudi akishakunywa. Mafuta ya kitambi hayajaguswa.

Jambo la pili ni saa. Alfajiri hewa ina unyevu mwingi, lakini jua halijaanza kuongeza mzigo wake. Asubuhi ya 15 Septemba 2025, Tokyo, marathoni ya wanaume ya mashindano ya dunia ilianza nusu saa kabla ya muda uliopangwa, kwa sababu ya joto. Mtanzania Alphonce Simbu alishinda kwa tofauti ya sekunde 0.03. Kama mashindano ya dunia yanasogeza saa, mechi ya ndondo ya mtaani inashindwaje?

Jambo la tatu ni kuzoea. Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, miaka ya 1920, wachimbaji walikufa kwa joto chini ya ardhi. Baadaye madaktari wa migodi walianza kuwazoesha wageni kwa kazi ya kuongezwa hatua kwa hatua kabla ya kuwapeleka kwenye joto lenyewe. Siku saba hadi kumi na nne zinatosha: maji ya damu yanaongezeka, jasho linawahi kutoka na chumvi yake inapungua, moyo unatulia. Anayetoka Arusha kuja kucheza Tanga apewe wiki hiyo moja au mbili.

Kuhusu maji, mfuate kiu. Kunywa kupita kiasi nako kunaua, kwa kuzimua chumvi ya damu. Katika marathoni ya Boston ya 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu walipomaliza, na asilimia 13 walikutwa na upungufu huo wa chumvi.

Ndoo ya muuza ukwaju

Nimalizie na kosa langu. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, tulicheza mechi saa nane mchana, mwezi wa pili. Beki wetu alianza kupiga pasi kwa wapinzani, tukamzomea. Kisha akaniuliza mechi inaanza saa ngapi. Dakika chache baadaye alianguka, anatetemeka. Mmoja akasema amepandisha mashetani. Sisi wengine tulimbeba hadi chini ya mwembe, tukamfunika kwa koti la mazoezi kwa kuwa alitetemeka, tukakaa kungoja gari.

Leo ninajua kwamba swali lake lilikuwa dalili kubwa kuliko kuanguka kwake. Mwanamichezo anayechanganyikiwa kwenye joto ana kiharusi cha joto hadi ithibitike vinginevyo, na kanuni ni moja: mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Katika mbio za Falmouth, Marekani, wakimbiaji 274 waliopatwa na hali hiyo katika miaka 18 walitumbukizwa kwenye maji ya barafu papo hapo. Wote walipona. Pasipo na bafu, turubai linatosha: watu wanne washike pembe, mgonjwa alazwe katikati, yamwagwe maji na barafu, kichwa kikiwa juu ya maji.

Siku ile hatukujua lolote kati ya hayo. Mama aliyekuwa akiuza juisi ya ukwaju kando ya uwanja alikuja na ndoo ya maji ya barafu aliyokuwa akipozea chupa zake. Alitusukuma, akalitupa koti, akammwagia yote, akamtuma mwanawe kuchota mengine. Beki yule yu hai, na ana wajukuu.

Wiki iliyofuata nilimpelekea fedha ya barafu yake. Alikataa kuipokea. Aliniuliza tu: "Mwanangu, mtu anaungua, nyinyi mnamfunika?"

Nimetumia miaka thelathini kujibu swali hilo.