Ibada ya Siku ya Jumatatu

Masomo: Matendo ya Mitume 9:36-42, Wakolosai 3:22 hadi 4:1

Tunawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo, ninyi mlio nyumbani, na ninyi ambao redio yenu imewekwa kando ya cherehani, au juu ya kaunta, au imening'inizwa kwenye msumari katika gereji. Msiache kazi ili mtusikilize. Endeleeni tu, maana kazi hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza asubuhi ya leo.

Mara nyingi hapa Majengo, mjini Embu, tukimwomba Mkristo atueleze utumishi wake, hutujibu, "Mchungaji, mimi simtumikii Mungu, mimi ni fundi tu." Hilo neno "tu" linatusumbua. Mwenye kuimba katika kwaya anatumika, mzee wa kanisa anatumika, lakini anayewapikia watoto wa shule uji tangu saa kumi na moja alfajiri, huyo eti anatafuta riziki tu. Basi juma limegawanywa: siku moja ya Mungu, siku sita za tumbo. Wako hata wanaofunga duka saa sita wakimbilie maombi ya mchana, huku mteja aliyelipa tangu wiki jana amesimama mlangoni akisoma kibao cha "Nitarudi". Maombi ya mchana ni mema, nasi huyahudhuria. Lakini nguo ya yule mteja je?

Katika Mwanzo sura ya 2 tunamwona mtu wa kwanza akipewa bustani aishughulikie. Haya yalikuwa kabla ya dhambi, kwa hiyo tusiseme kwamba kazi ni adhabu. Jasho na miiba ndivyo vilivyokuja baadaye. Na neno la Kiebrania linalotumika pale kwa kulima, ndilo linalotumika katika kitabu cha Hesabu kwa Walawi walipohudumu hemani. Jembe na hema vina kitenzi kimoja. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hadi Kiebrania. Neno letu "ibada" limetujia kwa Kiarabu, nalo ni la mzizi uleule wa utumishi. Jirani zetu Waislamu wa Majengo wanalijua hili vizuri, maana anayeitwa Abdalla ameitwa mtumishi wa Mungu, naye huitwa hivyo Jumatatu kama Ijumaa.

Sasa tumtazame fundi wa nguo. Mwezi wa Januari, shule zikifunguliwa, anashona sare mpaka usiku. Mama mmoja anamletea kitambaa cha sketi ya binti yake. Fundi mwenye haraka hukata pindo fupi, akashona, na sketi inapendeza kabisa. Hakuna atakayejua. Lakini fundi mwingine hukunja ndani kitambaa cha kutosha, ili mwaka ujao mtoto akirefuka, mama yake afumue pindo na kuishusha sketi, asinunue nyingine. Kazi hiyo imejificha ndani ya nguo. Mwalimu mkuu haioni, na mtoto mwenyewe haijui. Sisi tunasema kwamba pindo lile ni ibada, hata kama yule fundi hakuimba wimbo hata mmoja siku nzima. Na ikiwa ameimba nyimbo zote za kitabuni huku akikata pindo fupi, basi ameimba tu. (Mafundi wetu, na ile "njoo kesho" yenu, mtusamehe, hayo tutayazungumza siku nyingine.)

Tunamkumbuka Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, Petro aliitwa, akapandishwa orofani. Wajane walimzunguka wakilia, wakimwonyesha nini? Walimwonyesha nguo. Luka hatuambii kwamba Dorkasi alihubiri, ingawa huenda alifanya hivyo. Ushahidi uliokuwapo chumbani ulikuwa kanzu na mavazi yaliyotoka mikononi mwake, nayo yalikuwa yamevaliwa na watu maskini. Na Bwana wetu mwenyewe, kabla hajahubiri mahali popote, watu wa Nazareti walimjua kama seremala.

Maneno ya Paulo kwa Wakolosai kuhusu kufanya kazi kama kwa Bwana yamebandikwa katika ofisi nyingi, na wakubwa wa kazi wanayapenda sana. Tunawaomba wakubwa hao wasome mstari mmoja zaidi, ule wa kwanza wa sura ya 4. Paulo aliwaandikia watumwa, kisha mara moja akawageukia mabwana, akawataka watoe lililo haki, kwa kuwa wao nao wanaye Bwana mbinguni. Twende basi kwenye kahawa. Huko Manyatta na Runyenjes mvunaji hulipwa kwa debe. Ibada yake ni kuchuma zile nyekundu na kuziacha za kijani ziive, hata chini kabisa ya debe ambako hapaonekani, maana mbichi chache huharibu ladha ya nyingi. Lakini ibada ya mwenye shamba ni ipi? Ni debe lisilobonyezwa kwa nje ili limeze zaidi, na malipo ya jioni ileile. Yakobo aliandika kwamba mshahara wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hiyo inafika masikioni mwa Mungu. Mtu asije akamwambia kibarua wake amfanyie kazi Bwana, huku yeye akikaa na pesa za Bwana mfukoni.

Wazee wetu waliielewa habari hii. Uamsho uliowaka Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, ulifika Kenya mwaka 1937, kisha ukaenea hata upande huu wa Mlima Kenya. Waliookoka walijulikana kwa wimbo wao, ndiyo, lakini walijulikana pia kwa kurudisha walivyoviiba kazini, na kulipa madeni ambayo mwenye kudai alikuwa amekwisha kuyasahau.

Sasa tumefika penye ugumu, wala hatutapita kando. Mkulima mmoja wa Mbeere akatuuliza, "Mchungaji, ikiwa kila kazi ni ibada, na muguka je?" Mnakumbuka mwezi wa Mei 2024, serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipopiga muguka marufuku. Kule pwani viongozi walisema vijana wao wanaharibika. Huku Embu wakulima walisema watoto wao watafukuzwa shuleni, na Mahakama Kuu ya hapa Embu ikasimamisha amri hizo. Sheria ya Kenya inalitambua zao hili. Tena Mbeere ni nchi kavu, kahawa haistawi kule kama inavyostawi juu karibu na mlima, na muguka huleta pesa mara kwa mara. Hatumwambii mtu aung'oe kesho. Mwenye watoto watatu katika sekondari hawezi kulipa karo kwa mahubiri yetu.

Lakini hatuwezi kusema pia kwamba kuomba kabla ya kuchuma kunatosha. Fundi tulimpima kwa pindo analolipata mtoto. Mkulima wa muguka naye hupimwa hivyohivyo, kwa kile anachokipata yule anayetafuna. Naye anapata nini? Anakosa usingizi, anakosa hamu ya chakula, na mara nyingi mshahara wa siku unaishia shavuni. Tunamwomba mkulima afuate gunia lake kwa mawazo, usiku kucha hadi Mombasa, mpaka amwone kijana aliyekaa kibarazani, na mama wa kijana huyo ndani ya nyumba. Huyo mama naye ni jirani. Demetrio mfua fedha wa Efeso, alipowakusanya mafundi wenzake, alianza kwa kuwakumbusha mapato yao. Habari za mungu wao Artemi zilifuata. Nasi tukijitetea, huwa tunaanza na mapato.

Na kanisa lisijifiche nyuma ya mkulima. Siku ya mavuno tumeona ndizi mbele ya madhabahu, na kuku, na maembe, na gunia la ndengu, vyote vikapigwa mnada kwa furaha. Hatujaona mtu akileta fungu la muguka. Pesa zake, hata hivyo, huingia katika kikapu cha sadaka kila Jumapili, nasi twaziombea baraka. Kama jani lenyewe tunaona haya kuliweka pale mbele, inatupasa kukaa na mkulima huyu tupige hesabu pamoja: maembe yake yatapata soko gani, ndengu zake zitanunuliwa na nani, nyuki na mbuzi vitamletea nini, na karo ya muhula ujao itatoka wapi wakati miembe ingali midogo. Kikao cha namna hiyo kingekuwa kirefu kuliko mahubiri yoyote. Tumewaomba wazee wa kanisa wakianze, na yule mkulima aliyetuuliza amekubali kuja, lakini amesema hatakuja siku ya kuchuma.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyeshika randa na msumeno kule Nazareti, uwaangalie wanaofungua milango ya kazi asubuhi hii. Umkumbuke mama mwenye sufuria ya uji, na kijana aliyelala chini ya gari, na fundi ambaye taa ya umeme imemzimikia. Umkumbuke mvunaji ambaye hakulipwa jana, na aliyemnyima umsumbue. Umkumbuke mkulima wa Mbeere, na mama yule wa Mombasa ambaye hawajaonana. Amina.